Naombeni ushauri: aiskrimu ya watoto imegoma kuganda, na nimeulizwa swali la chumvi

MamaWawili_Moshi
Habari za jioni wadau. Watoto wako likizo, friji yangu imekufa tangu mwezi uliopita, nikajitia ujuzi wa kutengeneza aiskrimu kwa barafu na chumvi. Barafu kilo 3, maziwa nusu lita yaliyochemshwa na kupozwa, sukari kikombe kizima. Nikamimina kwenye mfuko, nikaufukia kwenye ndoo ya barafu, nikanyunyizia chumvi vijiko viwili. Tumetikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Tulichopata ni maziwa baridi, tena ya chumvi, maana mfuko ulivuja. Watoto wa jirani wameyanywa kwa adabu.

Hilo dogo. Wangu wa miaka minane kauliza: "Mama, chumvi si ya moto wala ya baridi, sasa baridi inatoka wapi?" Nikamtuma dukani. Nisaidieni kabla hajarudi.

Mangi_Mstaafu
Mpe hela ya lambalamba yaishe.

FundiBaridi
Dada, vijiko viwili kwa kilo 3 umeionjesha tu hiyo barafu. Weka karibu kilo 1, chumvi ya mawe ya bei rahisi inatosha, na barafu uiponde. Sukari nayo umezidisha: humo ndani ya maziwa inafanya kazi ileile ya chumvi, inachelewesha kuganda. Vijiko vinne vya chakula basi.

Jibu la mtoto: baridi haitoki popote, joto ndilo linaloondoka. Barafu haiyeyuki bila kula joto. Ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 0. Ikikutana na chumvi inayeyuka hata ikiwa chini ya hapo, na joto la kuyeyukia inalipora kwa jirani, yaani maziwa yako. Mchanganyiko huo unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Friji nayo ni mhamishaji wa joto tu, ndiyo maana mgongo wake huwa wa moto. Yako ikipona, mwambie aupapase.

Ticha_Njiro
Nakubaliana na fundi, ila usimhutubie mtoto. Achana na mfuko, chukua makopo mawili ya maziwa ya unga yenye vifuniko. Kila kopo maziwa sawa, kila ndoo barafu sawa, moja na chumvi, nyingine bila. Waulize kwanza lipi litaganda, kila mmoja aseme kabla hamjaanza. Wazungushe kopo na kukwangua pembeni kila baada ya dakika chache. Bila hivyo chembe za barafu zinakua kubwa na utakula kokoto. Kipimajoto cha homa hakifai, hakifiki huko chini. Na wasishike ile barafu ya chumvi kwa mikono mitupu, inaunguza ngozi. Taulo.

Mzawa_wa_Mweka
Mwambie pia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, aliweka maziwa yake ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, akihofia kukosa nafasi, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, alichekwa. Hakunyamaza, 1969 akachapisha utafiti pamoja na Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo Mpemba akisoma hapa kwetu, chuo cha wanyamapori Mweka. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama ni kweli.

MamaWawili_Moshi
Mrejesho. Kopo la chumvi limeganda ndani ya nusu saa, laini kabisa. La pili bado uji. Nje ya ndoo ya chumvi kumeota theluji, mdogo anasema tumepata Kibo yetu. Nilipomweleza mkubwa kwamba barafu inapora joto, akafikiri, akasema: "Kwa hiyo Mpemba aliipa barafu chakula kingi?"

FundiBaridi, uko wapi?