Nimepigwa milioni 1.9: koilova "za rali" zimekula tairi, bushi na mgongo wangu

Wakuu, salamu mtanidai, leo nimekuja na povu. Natoka kununua tairi mbili za mbele. Zile nilizovua zina miezi minne tu. Upande wa nje bado zina vile vinyweleo vya dukani, upande wa ndani nyaya zinachungulia. Chanzo ni koilova (seti ya shokapu na springi yenye nyuzi za kubadilishia kimo cha gari) nilizouziwa hapa hapa Dar kwa milioni 1.9, na muuzaji sasa anaikwepa simu yangu kama mtu anayedaiwa kausha damu.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2004, bodi ya GDA, manyuo. Ya kwendea kazini, Goba hadi Posta, na mara mojamoja Morogoro kwa wazazi. Sishindani na mtu. Shokapu za nyuma zilianza kuvuja, ukivuka tuta gari inaruka mara tatu ndipo itulie. Nikatenga milioni mbili nimalize saspensheni yote kwa mpigo. Na mtu mwenye Subaru na milioni mbili mfukoni hakosi washauri.

Nikafika dukani, nikamwambia jamaa nataka gari itulie kwenye kona, isigonge chini, bajeti ndiyo hii. Akashusha boksi. "Hii kumi kwa nane bro, kumi mbele nane nyuma, kliki 24, chuma cha rali hiki, kama za McRae." Springi nyekundu, nyuzi zinang'aa, juu kuna kitasa cha kuzungusha, kliki kwa kliki, kubadilisha ugumu wa shokapu. Jina la kiwanda kwenye boksi hakuna. Nilipouliza, akaniambia ni kiwanda kilekile kinachowatengenezea Wajapani. Nikameza mzimamzima.

Kwanza tumalize hili la rali, maana linaniuma kuliko hela. Colin McRae, dereva wa rali, alishinda Safari Rally ya Kenya na Impreza mwaka 1997, mwenzake Richard Burns akashinda na Impreza mwaka 2000. Tafuta picha za gari zile. Zimekaa juu kama zinajiandaa kuvuka mto, mbele zina vyuma vya kukinga, na shokapu zao zina nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kwa sababu njia za Kenya zilikuwa zinavunja gari. Hakuna aliyekwenda kushinda Safari na gari inayolamba ardhi. Hizi zangu, gari ikishashuka sentimita tano, shokapu inabakiwa na nafasi ya vidole viwili kabla haijakita kwenye raba yake ya ndani. Ikishakita pale, springi na mafuta vyote vinakuwa likizo. Unaendesha mkokoteni.

Halafu hiyo "kumi kwa nane". Kumi maana yake unahitaji uzito wa kilo 10 kuibonyeza springi milimita moja. Kuna jamaa mwingine ana Toyota Altezza, kafunga 10 mbele, anaapa kwamba gari yake imetulia kabisa. Inawezekana hadanganyi! Altezza mbele ina mikono miwili (vyuma vinavyounganisha tairi na bodi), wa juu na wa chini, na shokapu imekaa katikati ya mkono, mbali na tairi. Tairi ikipanda milimita 10, tuseme springi inabonyea 6 tu. Hapo ile 10 ikifika kwenye tairi inahesabika kama 3.6, kwa sababu unazidisha kwa 0.6, halafu kwa 0.6 tena. Impreza ni strati mbele na nyuma, yaani shokapu na springi ni nguzo moja iliyofungwa penye tairi, springi iko jirani kabisa na tairi, kwa hiyo 10 inabaki karibu na 10. Namba ileile ya kwenye boksi, kwenye gari moja ni saspensheni, kwenye nyingine ni adhabu. Muuzaji anayekupa namba bila kukuuliza gari yako imefungwaje anauza rangi ya springi.

Sasa fundi wao wa kufunga. Kijana ana kasi, sikatai. Kanyanyua gari, kafungua, kafunga, na bushi mpya za mkono wa chini nilizonunua pembeni akazitia humohumo, kila nati kaikaza tairi zikiwa zinaning'inia hewani. Mimi niko pale na soda yangu namsifia! Bushi ya mpira imegandishwa kwenye bomba lake la katikati. Ukiikaza gari ikiwa juu, siku zote gari ikiwa chini ule mpira umenyongwa. Unatakiwa ushushe gari ikae kwenye tairi zake kwanza, ndiyo ukaze mwisho. Zangu zimepasuka ndani ya miezi mitatu. Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha tairi, akasema haina haja, "steringi imenyooka, boss". Kwenye Impreza bolti ya juu inayoshika shokapu ya mbele ni ya kuzungusha, ndiyo inayoamua tairi ilale kiasi gani. Yeye kaifunga kwa jicho. Na ukishabadilisha kimo, tairi zinabadilisha uelekeo pia. Nilipokuja kupima, zote mbili za mbele zilikuwa zinatazama nje kama miguu ya bata. Ndizo hizo zilizolika ndani.

Wiki ya pili nikampakia mama kwenda Morogoro. Mnaijua ile barabara, matuta na rasta kila penye kijiji. Kufika Kibaha mama akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nishushe hapo stendi nipande basi." Akashuka kweli. Na akafika.

Cha ajabu kingine, kwenye kona gari ilikuwa inalala vilevile. Nikajiuliza inawezekanaje, ngumu hivi na bado inalala? Kumbe ukiishusha mno gari ya strati, ule mkono wa chini unaanza kuinuka kuelekea kwenye tairi, na pointi ambayo bodi inalalia inashuka haraka kuliko bodi yenyewe. Unaiongezea gari hamu ya kulala kwa mkono wako, halafu unanunua springi ngumu kuizuia. Kuishusha sentimita mbili unaweza kuvumilia. Tano ni ujinga, na mimi niliulipia.

Mwezi wa tatu mbele kukaanza ko, ko, ko kila ukikata steringi. Mauntini za juu, pale shokapu inaposhikana na bodi, si za mpira, ni za chuma na bolijointi ndogo, na vumbi lishaingia. Mwezi wa nne ya mbele kushoto inavuja mafuta. Nikataka angalau niinue gari kidogo wakati nasubiri hela, ringi za kufungia kimo zimeshikana na nyuzi kwa kutu, hii hewa yetu ya bahari haina huruma. Tumetumia nyundo. Zilipotoka zote, nikazibonyeza mbili za mbele kwa mkono, kliki sawa, nikaziachia. Moja ikapanda taratibu mpaka juu. Ya pili ikainuka nusu ikalala. Nikazungusha kitasa kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna kilichobadilika. Kliki 24 za sauti tu.

Nikarudi dukani nimezibeba. Anazitazama, anatikisa kichwa: "Hizi umepita nazo kwenye shimo." Mkuu, Dar hii, nipite wapi?

Nilipo sasa: springi za kiwandani nilikuwa nazo, yule fundi alitaka nimwachie "kama chuma chakavu", namshukuru Mungu nilikataa. Nimenunua shokapu nne mpya za KYB, kampuni ya Kijapani, mauntini mpya za mpira, raba za ndani na vifuniko vya vumbi, bushi tena, halafu alaimenti ya mashine na karatasi yake mkononi. Jumla milioni 1.45. Gari imerudi kimo chake, inavuka tuta mara moja na kutulia, na kwenye kona inashika kuliko ilivyokuwa na zile nyekundu. Yaani bajeti yangu ya mwanzo ilitosha na chenji ingebaki. Na hata KYB msikimbilie boksi, feki zimejaa, linganisha namba ya shokapu na gari yako kabla hujatoa hela.

NAONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Mkuu uliyesema ningechukua shokapu za STi, ile Impreza kali kuliko WRX, za mtumba kutoka Japani, wazo si baya, WRX nyingi zimefungwa hizo na zile springi zake za pinki. Ila ni chuma cha miaka 20. Za mbele zimegeuzwa juu chini kwa ndani, zikichakaa zinagonga hata kama hazivuji, na pale juu ya meza ya muuzaji huwezi kujua. Akikubali uzifunge siku mbili ndiyo umlipe, chukua.

Wewe unayesema "kata springi koili moja, maisha yaendelee": springi iliyokatwa ni fupi, tairi ikining'inia inatoka kwenye kikombe chake. Siku ikirudi vibaya ukiwa na 100 barabarani utatusimulia, ukiweza.

Aliyeuliza kama koilova zote ni takataka, hapana. Kuna seti ambazo kimo unakibadilisha kwa kuzungusha bodi ya chini ya shokapu bila kuigusa springi, na zina sili unazoweza kununua peke yake zikivuja. Bei yake ukiisikia utakaa chini. Kwa milioni 1.9 za hapa mjini, pamoja na ufundi, hupewi hiyo, unapewa picha yake.

Na nyie mnaotaka nitaje duka, sitaji, tusije tukafungiwa uzi. Ila jana nimeona tangazo lake jipya kwenye status. Koilova zilezile, boksi lilelile lisilo na jina, springi sasa zimepakwa bluu. Zimekuwa "za drifti". Milioni 2.1.