Kulala ndani ya treni ya TAZARA

Swali (Jinja): Ndugu zangu, mimi na mama tunatarajia kusafiri kwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, na kwa kuwa hapa Uganda hatuna treni ya kulala, naomba kujua vyumba vyake vikoje.

Jibu: Kaka, chumba cha daraja la kwanza kina vitanda 4, cha pili 6, wanaume na wanawake hutenganishwa, isipokuwa mkilipia chumba kizima, na kwa ajili ya mama nakusihi ulipie. Alale kitanda cha chini, kwani behewa huyumba usiku kucha.

Jibu: Bebeni sweta, maana njiani, huko Makambako, kuna baridi, na mfunge dirisha treni inaposimama stesheni. Treni huweza kuchelewa sana. Kwa hiyo msikate tiketi ya basi la siku hiyo hiyo mnayotarajia kufika.