Msaada wakuu: picha zinafunguka kwenye simu yangu, kwa mteja hola

Chumbageni_Dev: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza programu ya Android ya vyumba vya kupanga hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone. Nimeiandika kwa Kotlin, picha inazivuta kwa linki. Kwangu zinafunguka safi, kwa mwenye kazi yake ni viboksi vya kijivu tu. Ijumaa nakabidhi. Maktaba ya kupakia picha, nibaki na Glide au nihamie Coil?

KodiSafi: Skrini zako zikiwa za Compose (zinazoandikwa kwa Kotlin yenyewe), Coil. Zikiwa za XML (mtindo wa zamani wa faili za mpangilio), Glide inatosha. Ila angalia ukubwa. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikifunguliwa nzima inakula baiti 4 kwa kila pikseli, yaani MB 48 za memori, hata kama faili lenyewe ni MB 3. Glide huipunguza ienee kwenye ImageView, yaani kiboksi cha picha kwenye skrini, lakini bando la mpangaji linaliwa kwa faili zima.

BintiPangani: Tanga hiyo, waja leo waondoka leo. Picha nazo zimefuata desturi 😂

MzeeWaLogcat: Kubadili maktaba hakutatibu kitu. Bandika linki yenyewe hapa. Halafu chomeka simu ya mteja kwenye kompyuta, fungua Logcat (orodha ya ujumbe na makosa ya simu), chuja neno Glide, utuletee mstari wa kosa.

Chumbageni_Dev: Linki ni ya kawaida tu mkuu, ya seva yangu. Kosa lilikuwa "Cleartext HTTP traffic not permitted", nikaweka usesCleartextTraffic="true" kwenye manifest (faili la maelezo ya programu) ili iruhusu http. Sasa inasema imeshindwa kuunganisha. Ndiyo maana nikawaza Coil.

MzeeWaLogcat: Kumbe ni http tupu, isiyosimbwa kama https, na hukusema. Tangu Android 9 ya 2018, programu inayolenga API 28 (namba ya toleo hilo) kwenda juu inazuiwa http yenyewe. Hiyo "true" imefungulia seva zote. Kama huna budi, taja seva moja tu kwenye network_security_config, faili la sheria za mtandao za programu.

MwanaSahare: Ngojeni kwanza. Huyu anatutungia. Kizuizi hicho kingemkamata hata kwenye simu yake. Na seva iliyo hewani haiwezi kuipokea simu moja ikaigomea nyingine. Kesho mtaona namba ya kuchangia hosting, yaani seva ya kukodi mtandaoni.

BintiPangani: Nimeshaandaa buku langu.

Chumbageni_Dev: Situngi jamani! Simu yangu ni Android 8, haina kizuizi hicho. Na linki hii hapa: http://192.168.0.105:8000/chumba4.JPG. Mmeridhika?

MwanaSahare: Haya, nafuta kauli. Lakini hiyo si seva, kaka, hiyo ni laptop yako.

Chumbageni_Dev: Ndiyo, ila haizimwi. Na Ijumaa mwenye kazi anakuja hapa hapa kwangu, atatumia Wi-Fi yangu. Hosting nitalipia mwezi ujao.

UstadhWaMakorora: Kijana, kumkabidhi mtu kitu kinachofanya kazi sebuleni kwako tu si uungwana. Hela ya watu ina hesabu yake.

MzeeWaLogcat: Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya mtandao mmoja. Mteja akitoka kwako, simu yake itaitafuta namba hiyo kwenye Wi-Fi ya kwake. Ruta ikizimwa ikawashwa, laptop inaweza kupewa namba nyingine, na kwako nako picha zitakata.

Chumbageni_Dev: Basi nizipandishe Google Drive?

KodiSafi: Linki ya kushirikisha ya Drive inaleta ukurasa, si picha. Pima linki yoyote kwa curl -I, amri ya kompyuta inayoleta maelezo ya linki tu: unataka 200 (imepatikana) na Content-Type: image/jpeg (ni picha). Ukiona text/html, yaani ukurasa wa wavuti, Glide haina cha kuchora. Tafuta hosting ndogo, weka cheti cha https cha Let's Encrypt, ni bure, kisha ifute ile "true". Punguza picha ziwe na upana wa pikseli 1080. Majina yote herufi ndogo, maana Linux inaona .JPG na .jpg ni vitu viwili. Kwenye hifadhidata weka jina la faili tu. Anwani ya seva ikae sehemu moja ndani ya msimbo wa programu. Mwisho zima Wi-Fi, ujaribu kwa data.

Chumbageni_Dev: Nimelipia ya mwezi mmoja. Kwa data zimefunguka, hata simu ya mteja. Ila chumba cha nne nimebadilisha picha, bado inakuja ile ya zamani.

MzeeWaLogcat: Hiyo ni kache, nakala iliyohifadhiwa kwenye simu. Glide inaitambua picha kwa linki yake, na wewe umepandisha faili jipya kwa jina lile lile. Liite chumba4-b.jpg.

BintiPangani: Na chumba chenyewe shilingi ngapi kwa mwezi?