Naombeni ushauri wakuu: niangushe au nivute gadi?

Mgeni wa Mkeka: Wakuu salaam. Wiki ijayo nina shindano la jiujitsu, sheria za IBJJF (shirikisho la kimataifa la jiujitsu ya Brazil), mkanda mweupe, dakika 5. Usingizi umenikata. Nikimwangusha mtu napata pointi 2, nikivuta gadi, yaani nikae chini mwenyewe nimzuie kwa miguu, sipati kitu, ila chini ndiko ninakojiweza. Kocha kasema niamue mwenyewe. Mnanishaurije?

Mama Judo: Angusha, mwanangu. Shika ukosi na mkono wa gi (vazi la mchezo), mvute mpaka uzito umhamie vidoleni, ndipo uingie. Mimi nimekulia kwenye judo, na mwalimu wetu hakuturuhusu kukaa chini kabla hatujatoa jasho la kusimama. Vijana wa leo mnapeana mikono, mnakaa!

Kaka Gadi: Shikamoo mama, ila hapo umetuonea. Kuvuta gadi si woga. Ukimpindua kutoka chini unapata pointi 2 zile zile, na juu umekaa wewe. Wanaoumia ni wanaokaa bila mpango: jamaa anapita miguu yako, pointi 3 hizo, anakukalia kifuani, 4 nyingine. Kabla hujakaa, shika mkono wake wa gi na mguu wako uwe nyongani mwake.

Bado Nauliza: Mkuu, kusimama kunakutisha nini? Funguka.

Mgeni wa Mkeka: Sitishiki. Ni goti tu. Lilivimba mwezi uliopita, likapungua, ila nikiingia miguuni mwa mtu linachezacheza. Kocha sijamwambia, atanitoa, na ada nimeshalipa. Ndiyo maana nataka niruke nimfungie miguu kiunoni, goti lisipate kazi.

Mzee wa Filimbi: Hapo simama. Mkanda mweupe haruhusiwi kuruka gadi. Unamning'inia mtu aliyesimama, uzito wote unashukia goti lake. Likikunjika kwa upande, ligamenti zimekwenda. Na hata kuvuta kwa kukaa kuna mtego: akiwa ameshaanza kukuangusha ndipo ukakaa, akakudhibiti sekunde 3, pointi 2 ni zake.

Mgeni wa Mkeka: Mbona mazoezini naruka kila siku na hajaumia mtu?

Macho Makavu: Wakuu, hii chai. Goti linachezacheza, halafu kila siku anaruka? Na kocha gani asiyeona goti lililovimba?

Kaka Gadi: Hata mimi nimeanza kushtuka. Nimeandika aya nzima bure?

Mama Judo: Iwe chai, iwe maziwa, kuna mwingine anasoma hapa na goti lake ni bovu kweli. Huyo namwambia: goti lililovimba likabaki kuchezacheza ni la kupelekwa kwa daktari. Gadi yenyewe inakunja na kusokota magoti, usidhani chini ni mapumziko. Mimi langu nililivumilia msimu mzima, mpaka leo ngazi nashuka kwa upande.

Mgeni wa Mkeka: Si chai. Naruka kwa mguu mzima, na goti nalifunga bandeji ndani ya suruali, ataonaje? Haya, siruki. Nitavuta kwa kukaa.

Bado Nauliza: Na kocha?

Mgeni wa Mkeka: Nitamwambia tukishapima uzito.

Mzee wa Filimbi: Kwenye IBJJF uzito unapimwa muda mfupi kabla ya kuingia mkekani. Mpigie leo.