Naomba ushauri: Bishop Museum ya Honolulu, na watoto wawili

Wakuu, shikamooni wakubwa wote. Julai tunakwenda Honolulu, Hawaii, mimi, mama watoto na wanetu wa miaka 6 na 11. Siku moja nimeitenga kwa Bishop Museum, makumbusho aliyoianzisha Charles Reed Bishop mwaka 1889 kumkumbuka mkewe, Binti Mfalme Bernice Pauahi, mzao wa mwisho wa ukoo wa kifalme wa Kamehameha wa Hawaii.

Kiu yangu mimi ni Hawaiian Hall, ukumbi wa makumbusho hayo: ghorofa tatu, mifupa ya nyangumi inaning'inia juu, na yale majoho ya kifalme ya manyoya ya ndege. La Kamehameha wa Kwanza ni la manyoya ya manjano ya mamo, ndege ambaye leo hayupo tena duniani. Hilo peke yake lingenitosha, ila mwanangu mdogo akichoka ni kilio tu.

Mliokwenda na watoto, tuanze na ukumbi huo asubuhi, au tuwape kwanza onyesho la lava (mwamba ulioyeyuka wa volkeno) la hapo hapo makumbusho? Nusu siku inatosha? Na kuhusu hula, ngoma ya asili ya Hawaii, tamasha la Prince Lot, lile la Julai lisilo la mashindano, linawafaa wadogo? Mkubwa anataka kucheza, kutazama hataki.