Umebadilisha taa ya tangi, matumbawe au mimea ikaanza kudhoofika? Tupeane uzoefu

Bahari Nyegezi

Wadau wa matangi, habari za jioni. Nina tangi la maji chumvi la lita 200 hapa Nyegezi, lina matumbawe laini na machache magumu. Yote ni vipande vilivyokatwa kwenye tangi la mwenzangu wa Dar, hakuna kilichovunjwa baharini. Chini ya tyubu za T5, zile taa nyembamba za mrija, yalikuwa yanakua vizuri. Tyubu zilipochoka nikafunga LED, na tangu hapo mambo hayaendi. Tumbawe la ngozi limejikunja, halitoi vijimikono. Zoantidi, wale jamaa wa matumbawe wanaofanana na vifungo vyenye vijimikono, zimefumba. Gumu moja limepauka, karibu liwe jeupe. Chumvi inasoma 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu), naitreti, yaani mabaki ya uchafu wa samaki na chakula, iko kidogo, samaki wanakula kama kawaida.

Huku Mwanza tunaofuga maji chumvi tunahesabika, kwa hiyo hata nyie wa maji baridi karibuni. Ulibadilisha taa, ukaona nini, ukajuaje tatizo ni lipi?

Fundi Matangi Kirumba

Pole dada. Kabla hujagusa kitu, lichungulie hilo gumu kwa karibu na uniambie weupe umeanzia wapi. Kama juu panapotazama taa pamepauka, na chini kwenye kivuli bado pana rangi ya kahawia, mwanga umezidi. Kama nyama inabanduka kuanzia kwenye shina na kuacha mfupa mtupu, usiilaumu taa. Hapo kapime alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, maana ikipanda na kushuka ovyo ndivyo inavyofanya. Mwanga ukipungua dalili ni nyingine kabisa: tumbawe linakuwa la kahawia zaidi na linajivuta kwenda juu.

Sababu yenyewe ni hii. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi vijimwani wanaoitwa zuzantela, na hao ndio wanaolilisha kwa sukari wanayotengeneza kwa mwanga. Ukiwamwagia mwanga mwingi ghafla wanatoa kemikali za oksijeni zinazoiumiza nyama, na tumbawe linawafukuza. Rangi unayoiona inapotea ni wao wanaoondoka. Tumbawe lililopauka bado li hai, lina njaa tu. Likifunikwa na mwani juu ya mfupa, hapo ndipo limekufa.

Na tyubu za T5 hufifia polepole bila jicho kugundua. Wafugaji wa matumbawe huzibadilisha karibu kila mwaka kwa sababu hiyo. Kwa hiyo matumbawe yako yalishazoea mwanga hafifu, kisha ikaja LED mpya. Ni sawa na mtu aliyekaa ndani mwezi mzima ukamsimamishe juani saa sita mchana. Halafu usipime kwa macho. Mwanga wa bluu sisi tunauona kama hafifu, kumbe zuzantela wanaupokea vizuri sana.

Kuna tangi la mteja nililohudumia likiwa na shida hiyohiyo, na taa yake haikuwa na kitufe cha kupunguza nguvu. Tulichukua chandarua kisichotiwa dawa, tukakikunja tabaka kadhaa juu ya tangi chini ya taa, tukawa tunatoa tabaka moja baada ya siku kadhaa. Nasisitiza kisichotiwa dawa, kwa sababu viuatilifu vya vyandarua vinaua samaki na kamba. Kama yako ina kitufe, shusha hadi nusu au chini ya hapo, halafu panda kidogo kila wiki. Lililopauka lihamishie sakafuni mwa tangi.

Hilo la ngozi usiliharakishe. Huwa linajifunga siku kadhaa, linatoa utando kama nta, linajivua, kisha linafunguka. Linaweza kufanya hivyo hata kama taa haijaguswa. Elekeza mkondo wa pampu upite karibu nalo ili utando utoke.

Mama Walisneria, Pasiansi

Mimi ni wa maji baridi, nina mimea ya majini, walisneria na anubiasi. Baada ya kuweka LED yenye nguvu, anubiasi ilishika mwani mweusi kwenye kingo za majani. Huu mmea unakua taratibu, jani moja linakaa muda mrefu sana, na jani lisilokua ni kiti cha mwani. Niliuhamishia kwenye kivuli cha gogo, na taa nikaipunguza iwake saa saba tu kwa siku. Majani ya zamani hayakusafishika. Yanayotoka sasa ni safi, na mimi hayo ndiyo ninayoyatazama.

Kitu kingine ambacho sioni watu wakikitaja ni dirisha. Tangi langu liko karibu na dirisha la kusini. Mwanza iko kusini kidogo ya ikweta, kama digrii mbili na nusu, kwa hiyo katikati ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini, na Desemba linapita kusini. Mwani ulirudi mwezi wa Desemba na LED ikalaumiwa bure. Siku moja saa nne asubuhi nikakuta mraba wa jua umetua kwenye kioo cha pembeni, na ukijani wote uko palepale. Nikaweka pazia. Dada wa Nyegezi, kaa na tangi lako kutwa moja uone jua linaligusa saa ngapi.

Kijana wa Mabatini

Nyongeza fupi. Ukitumia taima ya kuzungusha, ile ya vijino, umeme ukikatika inasimama na umeme ukirudi inaendelea pale ilipoachia. Umeme ukikatika mara kwa mara, unaweza kukuta taa inawaka saa nne usiku na asubuhi tangi liko gizani. Kwangu samaki walikuwa wanashtuka na mimea inafunga majani kwa saa za ajabu. Nilinunua ya kidijitali yenye betri ndani.

Furu wa Ghuba

Sina matumbawe, nina furu, wale samaki wadogo wa ziwani wenye rangi, na kwa sisi watu wa ziwani mwanga na rangi ni habari ya nyumbani. Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa lilikuwa na spishi za furu zipatazo 500. Sangara aliyepandikizwa kuanzia miaka ya 1950 aliwapunguza vibaya, ikaonekana wazi miaka ya 1980. Ila kuna sababu ya pili ambayo ni mwanga. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti walioufanya huku kwetu: jike la furu humchagua dume kwa rangi, na maji yanapochafuka rangi hazionekani. Kwenye visiwa vya maji maangavu kama Makobe, spishi ni nyingi na madume yanang'aa. Ukiingia ndani ya ghuba kwenye maji ya tope, rangi zimefifia na spishi ni chache. Kwenye matangi ya maabara, chini ya taa inayofuta tofauti ya wekundu na bluu, majike waliacha kubagua dume wa spishi yao na wa spishi nyingine.

Nayasema haya kwa sababu nina Pundamilia nyererei, yule mwekundu aliyepewa jina la Mwalimu. Nilipoweka LED ya bei nafuu yenye weupe wa kibuluu, dume wangu akaonekana wa kahawia, amepooza. Nilimtazama asubuhi kwa mwanga wa jua, wekundu ulikuwepo wote. Taa ile ilikuwa haina mwanga mwekundu wa kutosha. Niliongeza mstari wa LED ya njano vuguvugu. Kwa hiyo kabla ya kumtia dawa kiumbe aliyepoteza rangi, mtazame kwanza chini ya mwanga mwingine. Na mwenye spishi mbili zinazokaribiana asiziweke tangi moja chini ya taa ya rangi moja. Zitachanganya damu, na furu tulionao hawatoshi kuwachezea.

Bahari Nyegezi

Shukrani sana nyote. Fundi, nimelichungulia: juu jeupe, chini kahawia, nyama haijabanduka. Nimeshusha taa na kulihamishia sakafuni. La ngozi limetoa utando jana na leo vijimikono vinaanza kutokeza pembeni. Dirisha langu halipati jua, Mama.

Ila nimegundua jambo jingine. Tyubu zilikuwa zinapasha maji mchana. Sasa usiku kipimajoto kinashuka hadi 22, na hita sikuwahi kuhitaji. Nianze na hilo au nisubiri?

Fundi Matangi Kirumba

Weka hita dada, iseti 25, usisubiri. Nyuzi 22 kwa tumbawe lenye njaa ni mzigo wa pili. Lipandishe joto taratibu, nyuzi moja kwa siku inatosha. Taa iache hapohapo nusu, wala usiongeze hata kidogo mpaka zoantidi zifumbuke. Na hilo lililopauka ulilishe: chakula laini kilichogandishwa, kidogo, usiku pampu ukiwa umeizima kwa dakika chache.