Mtoto wa miezi 4 avae nini joto hili la Dar?

Mama K: Jamani wapendwa, mama mkwe anamvalisha mwanangu sweta na soksi saa saba mchana, shingo yote imejaa vipele vya joto, nimwambieje?

Mama Twins: Pole mwaya. Mguse kisogoni, ukikuta pana jasho mpunguzie nguo, mikono kuwa ya baridi sio shida. Kivesti cha pamba kinatosha, na ukimbeba usimfunike uso na kanga, hewa haipiti vizuri.

Bibi Tanga: Mkwe mwambie kwa upole mwanangu, anaogopa nimonia tu. Jua la saa 4 mpaka 10 mweke kivulini, na maji usimpe, mnyonyeshe mara nyingi.